KUPE SI MMOJA



Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba, kule Mbagala au Bunju, husema: "Ng'ombe wangu hawatoki bandani, kupe watatoka wapi?" Mara mmoja akataa majani, maziwa yakauka, na ada ya watoto imo mashakani. Basi leo tuwatazame kupe wawili tunaowaita kwa jina moja, kumbe tabia zao ni mbalimbali.

Wa kwanza ni kupe wa masikio, mwenye rangi ya kahawia. Huyu hupanda mnyama mara tatu maishani. Kila akishiba huanguka chini, hujibadili, kisha hukwea jani na kungoja mnyama mwingine, hata kwa miezi mingi. Ndigana kali haipiti katika mayai yake; huinyonya kwa ng'ombe mmoja, akampa mwingine baadaye. Huyu huletwa bandani na mzigo wa majani.

Wa pili ni kupe wa buluu. Akimpanda ng'ombe angali mdogo kama punje ya mchanga, hukulia papo hapo majuma matatu hivi. Jike hushuka kwenda kutaga tu. Ugonjwa wa kukojoa damu hupita katika mayai yake, hata watoto huzaliwa nao. Huyu huja juu ya mtamba uliomtumia mwanao aliye mjini.

Kuyachanganya maradhi haya si ujinga. Bingwa Robert Koch wa Ujerumani alipopima damu ya ng'ombe Dar es Salaam, miaka ya 1897 na 1898, aliona vijidudu vya ndigana kali akadhani ni vya kukojoa damu. Mwaka 1904 Charles Lounsbury, huko Afrika Kusini, alionyesha kwamba kupe wa masikio ndiye mwenezaji wa ndigana.

Lakini kwetu kosa hilo huua ng'ombe, maana dawa ya ugonjwa mmoja haiponyi wa pili. Ukiona tezi zimevimba chini ya sikio na mnyama anahema, shuku ndigana. Ukiona mkojo mwekundu na ufizi mweupe, shuku ule wa pili. Mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, umwulize pia habari za chanjo ya ndigana.

Majani yakatwe mahali wasipochungwa ng'ombe. Masikio yakaguliwe kila siku. Mtamba mgeni aogeshwe dawa na kutengwa majuma matatu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na hapa nyufa ni mbili.