Mpunga Ujuao Kula



Atokaye Uvira kwenda Baraka hupita Mboko, mahali ambapo milima na ziwa Tanganyika vimekaribiana hata nafasi ya kulima ikawa ndogo. Watu wa huko ni wavuvi wa ndagala na wakulima wa mihogo. Lakini penye bonde lenye maji utauona mpunga pia. Huko ndiko mama mzee mmoja alikotupa swali ambalo tuliahidi kulijibu katika ukurasa huu.

Mwanawe alikuwa ameleta mbegu mpya kutoka uwanda wa Ruzizi. "Mama," alisema, "ile yako tuipike, tuimalize. Hii inazaa mara mbili." Mama hakubishana naye. Mwaka wa kwanza walipata mfuko mmoja wa mbolea, na mbegu mpya ikazaa kweli. Mwaka wa pili hawakuwa na fedha, na majani yakawa manjano kabla masuke hayajatoka. Kwa bahati njema mama mzee alikuwa ameficha kibuyu cha mbegu yake juu ya meko. Basi akatuuliza: "Wanangu, ninyi mliosoma, hakuna mpunga ujuao kula kidogo ukashiba?"

Swali hilo ndilo wanalojiuliza wataalamu wakubwa wa mbegu hata leo, ijapokuwa wao hutumia maneno marefu zaidi.

Chakula chenyewe huitwa naitrojeni. Bila hicho mmea hauwezi kufanya ukijani wa majani yake, na kikipungua, majani ya chini ndiyo hugeuka manjano kwanza: mmea huwanyang'anya wazee ili kuwapa vijana. Jambo la kushangaza ni kwamba katika kila sehemu 100 za hewa tuivutayo, 78 ni naitrojeni, na mpunga wenyewe hauwezi kuichukua humo. Karanga na maharagwe husaidiwa na bakteria wakaao katika vinundu vya mizizi yao. Mpunga hungojea ile iliyomo udongoni, au ile tununuayo.

Tuchukue mfuko wa uria wenye kilo 50. Ndani yake mna kilo 23 za naitrojeni. Ili mpunga uzae tani moja, huhitaji kwa makadirio kilo 15 mpaka 20. Basi kwa hesabu ya darasani mfuko mmoja ungetosha tani moja na zaidi. Wanafunzi wetu watafurahi, lakini shamba halikusoma hesabu hiyo. Uria ikimwagwa juu ya maji wakati wa jua kali, sehemu yake hugeuka amonia ikaenda na upepo. Shamba likikauka, likajaa maji, likakauka tena, sehemu nyingine hugeuka hewa ikatoka udongoni. Mvua kubwa nayo huchukua yake mpaka ziwani. Mara nyingi mpunga hupata theluthi moja tu, au nusu ukibahatika. Na mfuko huo umeletwa kutoka mbali, kwa lori au kwa mtumbwi, pengine baada ya mbuzi kuuzwa!

Kosa ni la nani, la mbolea, la mkulima au la mpunga? La wote watatu. Lakini wale wawili wa kwanza wamekwisha kusemwa sana, basi leo tuutazame mpunga.

Mwaka wa 1966 chuo cha utafiti wa mpunga cha IRRI, kilichoko Los Baños katika nchi ya Ufilipino, kilitoa mbegu iitwayo IR8. Mbegu za zamani zikilishwa mbolea nyingi zilirefuka mno, zikaanguka kabla ya mavuno. IR8 ilikuwa fupi, yenye bua gumu. Ilikula mbolea ikabaki imesimama. Mbegu hiyo na wazao wake zimewalisha mamilioni ya watu huko Asia, nasi hatuidharau. Lakini angalieni namna ya uchaguzi wenyewe. Mbegu zikichaguliwa kila msimu katika shamba lenye mbolea tele, ule mpunga ujuao kula kidogo haupati nafasi ya kuonyesha ustadi wake. Ni sawa na kumtafuta mwogeleaji hodari mahali ambapo maji hufika magotini.

Haya si maneno yetu tu. Mwaka wa 2021 wataalamu wa China, pamoja na Chu Chengcai, walitangaza katika jarida la Nature habari za uchunguzi wao. Walikusanya mbegu za kale za mpunga kutoka nchi nyingi, wakazipanda penye naitrojeni kidogo na penye naitrojeni nyingi, wakahesabu machipukizi. Wakaona kwamba jeni moja, waliloliita TCP19, huongoza jinsi mpunga unavyoongeza machipukizi upatapo naitrojeni. Umbo la jeni hilo lililo bora lilikuwa la kawaida katika mpunga wa porini na katika mbegu za nchi zenye udongo maskini. Katika mbegu za kisasa, hasa za nchi zenye mbolea nyingi, lilikuwa karibu limepotea. Walipolirudisha katika mbegu za kisasa kwa kuzipandanisha, utumiaji wa naitrojeni ulizidi kwa asilimia 20 hadi 30, pale palipokuwa na naitrojeni kidogo au ya kadiri.

Twaomba msome tena maneno hayo polepole. Ustadi huo haukuumbwa upya na wataalamu. Ulikuwamo katika mbegu za kale, na waliokuwa wamezitunza ni watu wasioweza kununua mbolea.

Afrika nayo imefanya kazi yake. Huko Bouaké, katika nchi ya Kodivaa, Bwana Monty Jones, mwana wa Sierra Leone, aliupandanisha mpunga wa Asia na mpunga wa asili wa Afrika ya Magharibi, ule uliozoea taabu. Hapo zikazaliwa mbegu ziitwazo NERICA, naye akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 2004 pamoja na Yuan Longping wa China. Baadaye shirika la AATF la Nairobi, pamoja na wenziwe, lilisimamia kazi ya kutia katika NERICA 4 jeni lililotoka katika shayiri, ili mpunga huo uitumie naitrojeni vizuri zaidi. Majaribio yalifanyika Namulonge, Uganda, katika shamba lililozungushiwa ua. Mbegu hiyo haijafika kwa wakulima wetu. Basi mtu akija sokoni Baraka na mfuko, akisema ndiyo hiyo, mwacheni aende zake.

Na sisi wa Kongo je? Mpunga uliingia upande huu wa mashariki pamoja na misafara ya Waungwana na Waarabu kutoka pwani, katika karne ya 19. Baadaye kituo cha Yangambi, chini ya INEAC iliyoanzishwa mwaka wa 1933, kilichagua mbegu za mpunga wa nchi kavu. Kwa hiyo kilichomo katika kibuyu cha mama mzee hatuwezi kukitaja kwa jina. Lakini mbegu hiyo imepita mikono mingi na misimu mingi bila mfuko wa uria. Hatusemi kwamba kila mbegu ya kale ni hodari. Nyingine ni mvivu tu, na imeishi kwa huruma ya mwenyewe. Njia ya kujua ni kupima.

Tulimwambia hivi: atenge vipande viwili vilivyo sawa, vyenye udongo mmoja na maji mamoja. Apande mbegu yake katika kimoja, na ya mwanawe katika cha pili, bila mbolea. Akipata mbolea, afanye vingine viwili namna hiyohiyo. Wakati wa mavuno kila kipande kipimwe kwa kopo lilelile. Tena mabua yasichomwe moto, maana moto huirudisha naitrojeni hewani. Yarudishwe shambani, na karanga zipandwe kwa zamu. Mpunga ujuao kula hauleti chakula. Huitafuta tu kwa bidii zaidi ile akiba iliyopo, na kila gunia liendalo sokoni limebeba sehemu ya shamba.

Mama mzee alikubali. Alituonyesha mahali, karibu na mfereji, na mwanawe akachimba vijiti vya mipaka bila kunung'unika sana. Jambo moja tu aliliomba: tumtafutie mwanafunzi wa kuandika makopo wakati wa mavuno, kwa sababu mwanawe, alisema, huandika yale yampendezayo tu.