Maslaha bila yeye si haki

Watu wa Isilii, hii story tumezoea kuinong'ona. Leo naiandika.

Msichana akibakwa mtaani kwetu, mara nyingi simu ya kwanza inaenda kwa wazee. Wanaume wa familia mbili wanakaa, chai inamiminwa, pesa inatajwa, mikono inapeanwa. Kesho tunaambiwa mambo yameisha. Na yeye alikuwa wapi? Chumbani, akiambiwa anyamaze asiharibu jina la familia.

Sijakuja kutukana wazee. Deni la duka, ugomvi wa ploti, vijana wamepigana: hapo maslaha inamaliza haraka kuliko korti, na imezuia damu nyingi. Lakini deni likilipwa linaisha. Yeye amelipwa nini, na aliulizwa na nani?

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inakubali njia za kitamaduni za kusuluhisha kesi, bora zisivunje haki za mtu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo haimwachii polisi uamuzi wa kufunga kesi kama hii. Kwa hivyo afande akikwambia "familia zimeelewana, nendeni nyumbani," hana hizo nguvu.

Halafu kuna Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014, ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia. Mwathiriwa ana haki ya kujulishwa kesi imefika wapi, kulindwa asitishwe, na kusikizwa kortini. Kama haelewi lugha ya korti, serikali inampa mkalimani. Na haijasema lazima uwe Mkenya. Hata mkimbizi ni mwathiriwa kama mwingine yeyote. Mwaka wa 2020, Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa mwathiriwa ana nafasi yake kwenye kesi. Hakuja kutazama tu.

Sasa shika hizi, utumie beshte yako:

Hospitali kwanza, mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 ziishe, juu dawa za kuzuia HIV zina muda. Asioge. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwa karatasi, si plastiki. Matibabu yake kwa hospitali ya umma yanafaa kugharamiwa na serikali. Polisi, aombe namba ya OB na fomu ya P3. Hiyo fomu ni ya bure, usiuziwe. Akikwama, apige 1195, simu ni ya bure.

Najua mtasema: korti inaburuta miaka, na sisi bado tutakutana kwa ngazi za jengo moja. Ni kweli, na ndiyo maana wengi wanakubali hiyo pesa. Lakini mzigo huo haupungui kwa kumwachia yeye peke yake. Msindikize hospitali. Kaa naye kwa benchi la korti. Na wazee wakiitana, kijana mmoja wa hiyo nyumba aulize tu: yeye amesemaje?