Kuvu ya ukutani: nani alipe, mpangaji ao mwenye nyumba?

Mvua ikishika Kindu, kuvu nayo inapanda ukutani, Kasuku hata Alunguli. Mpangaji akihama, mwenye nyumba anakata garanti: "Umeniharibia ukuta." Hapo tuangalie vizuri. Kuvu inayoanzia chini, kwenye matofali yaliyowekwa bila msingi wa mawe, inaletwa na maji ya udongoni. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, na kupaka rangi juu yake ni kuificha tu. Ile ya nyuma ya kabati mara nyingi ni mvuke wa sufuria na nguo zinazoanikwa ndani: mpangaji afungue madirisha, apanguse kwa sabuni, ukuta ukauke. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Siku ya kuingia, andikeni hali ya kuta, mutie sahihi wote wawili.