Menyu ifuate kusi na kaskazi

SAFU YA JUMAMOSI
Na Zuhura Mwakio

Ingia katika mikahawa mingi ya samaki jijini Nairobi, iwe ni katikati ya jiji au huku kwetu Kilimani, Lavington na Westlands, utapewa menyu ya rangi iliyofunikwa plastiki. Ndani mna kamba wa nazi, ngisi wa kukaanga, pweza, changu wa kupaka, tilapia mzima na minofu ya mbuta. Uje Januari, uje Julai, orodha ni ile ile na picha ni zile zile. Nasema waziwazi kwamba menyu ya aina hiyo haiwezi kuwa ya kweli, kwa sababu hakuna bahari wala ziwa linalotoa vitu vile vile mwaka mzima.

Sasa ni Julai. Upepo wa kusi unavuma pwani yote, toka Kiunga mpaka Vanga, na mwenye ngalawa au dau hathubutu kuvuka mwamba siku nyingi. Anavulia ndani, kwenye maji machache, na akirudi na tafi kadhaa anashukuru. Msimu wake ni kaskazi. Kuanzia Novemba hivi hadi Machi bahari hulala, nguru na jodari huonekana, na maji ya bamvua yakikupwa watu wa Wasini na Shimoni huingia mwambani kwa miguu wakitafuta pweza matunduni. Ukienda upande wa magharibi, uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria umefungwa, kama unavyofungwa kila mwaka kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ili samaki wapate kuzaana. Kwa hiyo ukikaa mezani wiki hii, mhudumu akakwambia kila kilichomo kwenye menyu kipo, una haki ya kuuliza kimekaa kwenye friza tangu lini.

Sina ugomvi na friza. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi, na hadi Kisumu ni kama 350. Bila barafu hatungekula samaki kabisa. Ninachokipinga ni kimya. Mteja halipi pesa za chakula tu. Analipa pia imani, na thamani ya imani hiyo hatuipati tunapouziwa samaki asiye na kwao. Kwa miaka sasa tilapia wa barafu kutoka China wamejaa masoko yetu, na mwaka 2018 suala hilo lilikuwa kubwa hata Rais Uhuru Kenyatta akalizungumzia hadharani. Lakini ni mkahawa gani wa upande huu wa jiji umewahi kuandika kwenye menyu yake kwamba tilapia wake ni wa China? Kama ni wa China aitwe wa China, auzwe kwa bei yake, na anayemtaka amle kwa raha zake.

Twende Kawangware, Barabara ya Gitanga, kituo cha Kongo, saa za jioni matatu za namba 46 zinapoteremsha watu. Kutoka kwenye mageti ya Lavington unaweza kufika kwa miguu. Kando ya barabara kuna akina mama wenye makarai na majiko ya makaa. Mmoja, ambaye mimi husimama kwake kununua kipande cha samaki cha kunyunyizia chumvi, hana menyu. Ana sinia. Samaki amempasua mbavuni mikato mitatu ya mshazari, ili mafuta yaingie hadi mfupani na nyama iive sawasawa bila kubabuka. Hamgeuzi mpaka ngozi iachie karai yenyewe. Mteja akifika anauliza, "Mama, huyu ametoka wapi?" naye anajibu huku mkono ukiendelea na kazi: "Huyu wa Turkana. Hao wawili wa ziwani, wamefika Gikomba asubuhi. Wale wadogo ni wa China, ndiyo maana bei iko chini." Watu wanachagua kwa mfuko na kwa ulimi. Ukweli huo unapatikana pale pale barabarani, kwa mwanamke asiye na kiti cha kumpa mteja.

Pembeni ya sinia huwa na mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki na nyama kidogo baada ya minofu kutolewa. Historia ya kipande hicho kila Mkenya angefaa kuijua. Mbuta alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akaongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, na viwanda vikajengwa Kisumu na kwingineko kuzunguka ziwa. Minofu ikaenda Ulaya, na watu wa ziwani wakabaki na kichwa, mgongo na mkia. Wakavikaanga, wakavitia nyanya na kitunguu, na hivi leo mchuzi wa mgongo wazi una ladha ambayo mnofu mweupe usio na mfupa hautaifikia. Naamini kabisa kwamba sahani hiyo inastahili meza ya Lavington, na ipewe jina lake lile lile.

Hapo ndipo ninapofika kwenye dawa ninayoiona, nayo ni sahani ndogo. Nairobi tumezoea kwamba kula samaki ni kula samaki mzima na ugali, na bei inapimwa kwa urefu wa samaki. Mtu akikosa pesa za samaki mzima, hana samaki. Pwani hawali hivyo jioni zote. Nenda Mji wa Kale Mombasa, au Forodhani kule Unguja, uone watu wanavyokula kidogo kidogo: viazi vya karai, bhajia, mshikaki mmoja, kikombe cha supu ya pweza chenye ndimu na pilipili, kisha mtu anasogea meza nyingine. Ramadhani ndiyo usiseme. Futari nzuri ni sinia la vitu vingi vidogo, na kila mtu anaonja cha mwenzake.

Sahani ndogo inambadilishia mpishi hesabu zake. Mwenye menyu ya plastiki analazimika kuwa na kila kitu kila siku, kwa hiyo anajaza friza, na kilichokaa muda mrefu zaidi ndicho anachotaka kitoke kwanza. Mwenye ubao na chaki ananunua kilichofika. Akipata kilo tatu za pweza, hawezi kumshibisha kila mgeni kwa pweza, lakini anaweza kutoa visahani vya pweza wa nazi mpaka viishe, kisha akafuta jina ubaoni. Samaki wakiwa wengi bei inashuka siku hiyo hiyo na mla anaiona. Wakiadimika anawapumzisha. Mteja wa kawaida, ambaye sahani kamili ya kamba ingemla pesa za wiki, anaonja kamba wanne na mkate, anaondoka ameridhika.

Kwa nini hatukufanya hivyo mapema? Nadhani tulifundishwa mapema mno kwamba vyakula vya baharini ni vya kitambaa cheupe. Tamarind ilipofunguliwa katikati ya jiji mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano, na kampuni hiyo ndiyo iliyotuletea Carnivore mwaka 1980. Lakini katika mawazo ya mwananchi, kamba na kaa wakahamia kwenye karamu za mabosi na wageni. Samaki wa mwananchi akabaki wa ziwani, na huyo alipata nyumba zake: K'Osewe pale Kimathi Street, na Mama Oliech kule Kilimani, Barabara ya Marcus Garvey, ambako Mark Zuckerberg wa Facebook alikula samaki na ugali Septemba 2016 na picha ikazunguka dunia. Watu walishangilia kwa sababu ya mgeni. Mimi nilifurahia kwamba kilichokuwa mezani ni kile kile anachokula jirani wa mkahawa ule. Wapenzi wa chakula cha Kiswahili nao walikuwa na Malindi Dishes pale Gaborone Road. Nyumba hizo zilijulikana kwa sababu kila moja ilikuwa na maji yake na haikujifanya ina yote. Mikahawa mipya ya mitaa yetu ya magharibi inataka bahari, ziwa na mto katika ukurasa mmoja.

Wapishi wetu vijana wengine wamevutiwa na mapishi ya Kusini mwa Marekani, na nawaelewa. Kamba waliokaangwa na kumwagwa juu ya uji mzito wa mahindi ni chakula ambacho Mkenya hahitaji kuelezwa, maana ni ugali laini wenye mboga ya baharini. Bamia na kunde wanazozipika kule zilivuka Atlantiki kutoka Afrika pamoja na watu waliouzwa utumwani. Ila wanaoiga sahani hizo wamsome pia Edna Lewis. Alizaliwa mwaka 1916 huko Freetown, Virginia, kijiji kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, babu yake akiwemo. Kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapishi ya nyumbani kwao kimepangwa kwa majira: cha masika ni cha masika, cha kipupwe ni cha kipupwe. Alipika miaka mingi New York, mbali na shamba la kwao, na bado alisisitiza kupika kila kitu kwa msimu wake. Mpishi anayechukua kamba na uji kutoka Kusini huku akiacha nidhamu hiyo amechukua nusu ya mapishi.

Na hao kamba wenyewe wana watu nyuma yao. Wengi wa kamba wa Kenya hutoka ghuba ya Ungwana, ambako mito ya Tana na Sabaki humwaga maji yake baharini. Kwa miaka wavuvi wadogo wa huko walilalamika kwamba meli kubwa za kukokota nyavu zinararua mitego yao na kuzoa samaki wachanga, mpaka mwaka 2006 uvuvi wa meli hizo ukasimamishwa, kabla ya kurudishwa baadaye kwa masharti. Mkahawa wa Nairobi ukiandika "kamba wa Ngomeni" na kweli ukawa umenunua kwa mvuvi wa Ngomeni, jina hilo linamfikia mvuvi kama bei. Ukiandika "kamba" peke yake, hakuna anayejua pesa zimekwenda kwa nani.

Najua pingamizi la wenye mikahawa, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: mteja akikatiza jiji zima kwenye msongamano akakuta alichokitaka hakipo, hatarudi. Hoja hiyo ina uzito kwa hoteli ya katikati ya jiji inayotegemea wageni wa siku moja. Mkahawa wa mtaa una watu wengine. Jirani anakuja Jumanne baada ya kazi, anarudi Ijumaa na mkewe, anamtuma mtoto Jumapili. Akikosa pweza leo ataonja tafi, na kesho kutwa atauliza. Ujumbe mfupi wa simu saa sita mchana, wenye majina ya samaki waliofika na mahali walikotoka, unatosha. Kinachotakiwa zaidi ni wahudumu wafundishwe. Inaniuma kumuuliza kijana mchangamfu samaki ametoka wapi, halafu nione macho yake yakienda jikoni kwa hofu. Hilo si kosa lake. Hakuna aliyemwambia.

Basi mwezi huu mgumu, wenye kusi baharini na marufuku ya omena ziwani, mkahawa wa Kileleshwa au Kangemi uandike nini ubaoni? Aandikwe tilapia wa vizimba vya Homa Bay au Siaya, ambaye anapatikana hata sasa, na isemwe kwamba amefugwa. Aandikwe kambare wa vidimbwi vya Kirinyaga. Mji wa Sagana, wenye kituo cha zamani cha ufugaji wa samaki, uko kilomita mia moja hivi kutoka hapa, na tangu serikali ilipochimba vidimbwi vya samaki katika maeneo bunge mengi mwaka 2009 wapo wakulima ambao bado wanatafuta soko. Kambare huyo akatwe vipande, apakwe unga wa mahindi na pilipili manga, akaangwe, aletwe na kachumbari ya embe bichi. Aandikwe tafi wa ndani ya mwamba siku akifika, mmoja mmoja kwa mtu. Ng'onda wa papa, ambaye wazee wa pwani walimkausha na kumtia chumvi kwa ajili ya miezi kama hii hasa, apikwe kwa nazi na kulazwa juu ya ugali laini, kisahani kimoja kwa watu wawili. Uwepo mchuzi wa mgongo wazi kwenye bakuli, na kunde za nazi pembeni. Omena wawepo pia, lakini iandikwe kwamba ni wa akiba, waliokaushwa kabla ya Aprili.

Uvuvi wa omena ziwani unafunguliwa Agosti 1. Mashua zitatoka usiku na taa, omena wataanikwa asubuhi, na siku chache baadaye magunia yatakuwa Gikomba. Mkahawa wa kwanza wa upande wetu utakaowauza kwa jina la ufuo walikotua, uwe ni Dunga, Mbita au Usenge, uniandikie kupitia gazeti hili. Nitakuja kula, na nitautaja hapa.