Kichwa cha Mtoto Si Kipimo cha Akili Yake

Katika lugha yetu, mtoto mwepesi wa kuelewa husemwa kuwa ana kichwa. Asiyeelewa upesi ana kichwa kizito, na mpumbavu huitwa kichwa maji. Misemo hii ni ya mazungumzo tu, wala hatuna nia ya kuipiga marufuku. Lakini mwalimu anayeingia darasani akiiamini kwa dhati atamdhulumu mtoto, hasa yule ambaye kichwa au uso wake haukuumbika kama wa wenzake. Shabaha ya makala haya ni kuwaasa walimu wanafunzi wanaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Kasulu na Kibondo wajiepushe na dhuluma hiyo.

Tuanze na kisa kimoja. Katika kijiji kimoja cha Kibondo tulimkuta mvulana wa darasa la kwanza aliyekwisha kutimiza miaka tisa. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kupita kawaida, kwa kuwa alipokuwa mchanga kilijaa maji, na mama yake akamsafirisha hadi Mwanza akapasuliwa. Alipofika umri wa shule alikataliwa miaka miwili mfululizo, kwa sababu hakuweza kupitisha mkono juu ya utosi na kulishika sikio la upande wa pili.

Kipimo hicho wengi tunakifahamu. Kilitumika mahali ambapo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu, na msingi wake si upuuzi. Mtoto wa miaka sita au saba huwa na kichwa kinachokaribia ukubwa wa kichwa cha mtu mzima, ilhali mikono yake ingali inarefuka. Kasoro yake ni kudhani kwamba vichwa vyote ni sawa. Kwa mtoto yule, kilichopimwa hakikuwa umri bali ugonjwa aliokwisha kutibiwa.

Alipopokelewa hatimaye, mwalimu mwanafunzi alimketisha nyuma kabisa, na katika daftari lake akaandika neno moja: mzito. Tulimwomba amlete mbele, ampe vifuniko vya chupa ahesabu. Mtoto alihesabu hadi arobaini, kisha akavipanga makumi makumi bila kusaidiwa.

Ili tusirudie kosa hilo, yatupasa kuelewa jinsi kichwa kinavyokua. Fuvu la mtoto mchanga si mfupa mmoja, bali ni mifupa kadhaa iliyoachana kidogo ili ubongo upate nafasi ya kupanuka. Ndiyo maana utosi wa mbele huwa laini, na aghalabu hufunga kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Mzingo wa kichwa, ambao wakati wa kuzaliwa ni kama sentimeta 35, hufika kama 46 mtoto anapotimiza mwaka mmoja. Mhudumu wa kliniki anapouzungushia utepe hapimi akili. Anachotaka kujua ni kama kichwa kinakua kwa mwendo unaofaa.

Kwa hiyo tutofautishe umbo lisilo na madhara na umbo lililo dalili ya ugonjwa. Mtoto aliyelazwa muda mrefu upande mmoja huweza kuwa na kisogo bapa. Ubapa huo hauharibu ubongo. Pengine hutokea kwamba mtoto aliyechelewa kukaa au kugeuka ndiye alalaye sana, na hapo ubapa huwa ni tokeo la kuchelewa, wala si chanzo chake. Wamangbetu wa kaskazini-mashariki ya Kongo, hadi katikati ya karne ya 20, waliwafunga watoto wao vichwa ili virefuke, na watu wenye vichwa hivyo walikuwa watawala na mafundi hodari.

Lakini kichwa cha mtoto mchanga kinachokua haraka mno, utosi ukivimba na macho yakielekea chini, ni dalili ya maji kujaa ndani, na mtoto hana budi kufikishwa hospitali mara moja. Kila juma linalopita huzidi kuubana ubongo. Wako wanaosema kwamba mtoto wa namna hiyo amerogwa. Madaktari wa Mbale, Uganda, walieleza mwaka 2005 kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliowatibu walipata hali hiyo baada ya maambukizi ya utotoni. Kichwa kidogo mno nacho, pamoja na kile ambacho mifupa yake imeungana kabla ya wakati, vyahitaji uchunguzi wa daktari.

Uso nao una mafunzo yake. Mdomo sungura peke yake haupunguzi akili. Hata hivyo, mtoto ambaye kaakaa lake limepasuka aghalabu husikia kwa shida, kwa sababu ya majimaji yanayokusanyika ndani ya sikio, na asiyesikia vema huonekana mjinga. Mtoto mwenye hali ya Down, ambaye uso wake hutambulika kwa urahisi, hujifunza polepole. Lakini hujifunza, hasa kwa vitu anavyoviona na kuvishika.

Na tuugeuze mfano huu upande wa pili. Nyanda za juu za Kigoma zilijulikana kwa upungufu wa madini joto na kwa uvimbe wa shingo uitwao rovu. Mama mjamzito akiyakosa madini hayo, ubongo wa mtoto hudhurika tumboni. Upungufu ukizidi sana hata umbo la mtoto hubadilika. Lakini ukiwa wa wastani, mtoto huzaliwa na kichwa kizuri na sura njema, na hakuna ajuaye alichopoteza. Basi yuko mwenye umbo la ajabu na akili timamu, na yuko mwenye umbo zuri aliyepungukiwa. Mwalimu anayesoma nyuso atakosea kwa wote wawili.

Tukumbuke pia kwamba jirani yetu, ng'ambo ya mpaka wa Kibondo, watawala wa Kibelgiji waliwahi kupima pua na vichwa vya watu ili kuamua nani azaliwe kutawala na nani kutawaliwa. Matunda machungu ya mafundisho hayo yamefika hata katika makambi ya wakimbizi ya mkoa wetu.

Wako watakaotuambia kwamba darasa lina watoto mia, na mwalimu hana nafasi ya kumchunguza mmoja. Tunakubali kwamba kazi ni nzito. Hata hivyo, kumketisha mtoto mbele hakugharimu kitu. Kumwita jina ukiwa nyuma yake ili kujua kama anasikia ni kazi ya dakika moja. Katika daftari lako andika alichofanya mtoto, usiandike anavyoonekana. Lakabu za kejeli zikomeshe siku ya kwanza zinapotamkwa. Tena, mtoto aliyewekewa mpira wa kutoa maji kichwani, akilalamika kichwa kumuuma, akitapika au akisinzia ovyo, mwarifu mzazi siku hiyo hiyo, naye apelekwe hospitali.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Kwa mwalimu msemo huo usiishie kuwa maneno ya huruma, kwa maana mtoto haji shuleni kuhurumiwa, huja kufundishwa. Mvulana yule wa Kibondo alipoteza miaka miwili kwa ajili ya mkono usiofika sikioni, na angepoteza mingine mingi kwa ajili ya neno moja la daftarini. Miaka ile hatuwezi kumrudishia. Neno lile lilifutwa siku ile ile, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyelifuta.