Mtoto wa Katiba na Zahanati Isiyo na Dawa

Mtoto aliyezaliwa nchini Kenya tarehe 27 Agosti 2010, siku ambayo Katiba mpya ilitangazwa rasmi pale Uhuru Park jijini Nairobi, alitimiza umri wa miaka 15 katika mwaka wa 2025. Hatumtaji mtoto huyo kwa ajili ya sherehe. Twamtaja kwa kuwa miaka 15 ndio umri ambao watakwimu wa serikali huanza kumhesabu msichana katika orodha ya wanawake wa umri wa kuzaa. Ndio umri ambao karo ya sekondari hubisha hodi mlangoni. Na ndio umri ambao mwili wa kijana huanza kulipa madeni ambayo si yeye aliyeyakopa.

Katiba ilimwahidi mengi. Kifungu cha 43 kilimpa haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, pamoja na huduma za afya ya uzazi. Kifungu cha 53 kilimpa haki ya lishe, makao na matibabu. Maneno hayo hayakubagua; yalimwahidi mtoto wa Karen sawasawa na mtoto wa Baragoi. Basi yatupasa tujiulize, ndugu msomaji: watoto hao wawili walipofika umri wa balehe, ahadi iliwafikia kwa kipimo kimoja?

Jibu limo katika vitabu vya serikali yenyewe. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya, uliofanywa mwaka wa 2022, ulionyesha kuwa kati ya kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini, 15 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Lakini hesabu ya nchi nzima huficha mambo. Katika kaunti za Nyeri na Nyandarua walikuwa 5 tu kwa kila 100. Pokot Magharibi walikuwa 36. Samburu walikuwa 50, yaani nusu nzima. Miongoni mwa wasichana ambao hawakupata kusoma kabisa, takriban 4 kati ya 10 walikuwa wamepata mimba, na katika jamaa zilizo maskini kabisa idadi ilizidi mara mbili ile ya jamaa zenye uwezo.

Hapa twaomba ruhusa kusema na ndugu zetu wa makanisani bila kuficha. Kila tatizo hili linapotajwa, jibu linalotolewa mimbarini ni kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Hatukatai kwamba maadili yana nafasi yake katika malezi. Lakini tuitazame ramani. Je, dhambi imegawanywa kwa mipaka ya kaunti? Shetani amefungua ofisi Maralal na kusahau kufungua nyingine Nyeri? Msichana wa Samburu hana tabia mbaya mara kumi kuliko mwenzake wa Nyeri. Kilichopungua kwake ni shule iliyo karibu, ni barabara, ni muuguzi, ni sauti ya kukataa anapoozwa kabla ya wakati wake. Kumhubiria binti kama huyo pasipo kuwahubiria wanaogawa fedha za umma ni kumwadhibu aliyeibiwa na kumwacha mwizi aende zake.

Wala tusidhani ya kuwa mimba ya utotoni ni jambo la aibu tu. Ni hatari ya maisha. Nyonga za msichana ambaye hajakomaa huwa hazijapanuka vya kutosha, hivyo uchungu wa kuzaa unaweza kuchukua siku mbili au tatu. Mtoto akafa tumboni, na mama akabaki na fistula, mkojo ukimvuja bila kizuizi hata akaepukwa na majirani. Kifafa cha mimba nacho huwapata zaidi wale walio wadogo. Shirika la Afya Duniani limetaja matatizo ya uja uzito na uzazi kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 ulimwenguni. Karibu na hospitali yenye daktari wa upasuaji, mengi kati ya mambo hayo huzuilika. Mbali nayo, msichana huyo yumo mikononi mwa Mungu na punda wa kumbeba.

Tofauti hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Serikali ya kikoloni iliyafanya maeneo ya kaskazini kuwa wilaya zilizofungwa, zisizoingiwa bila kibali. Kisha ukaja uhuru, na pamoja nao Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka wa 1965, ambao ulisifiwa kwa jina la ujamaa wa Kiafrika huku ukiamua kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapoleta faida kubwa zaidi kwa haraka. Pale palikuwa wapi? Palikuwa penye mvua, penye udongo mzuri, penye reli na barabara zilizoachwa na mkoloni. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Bibi wa msichana yule wa Baragoi aliachwa nje ya hesabu mwaka wa 1965, mama yake akaachwa, naye akarithi kuachwa huko kama wengine wanavyorithi shamba.

Tena kuna jambo ambalo kizazi cha mageuzi hakina ruhusa ya kulisahau. Mnamo Desemba 1989 serikali, ikishinikizwa na wakopeshaji wa nje, ilianzisha mpango wa wagonjwa kuchangia gharama katika hospitali za umma. Watafiti walifuatilia mahudhurio katika kliniki moja ya rufaa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 1992. Katika miezi tisa ya malipo hayo, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Zingatia wakati wenyewe: ni pale virusi vya UKIMWI vilipokuwa vikienea, na kila mwenye ugonjwa wa zinaa usiotibiwa alikuwa na mlango uliofunguliwa wa kuviambukizwa. Malipo yalisimamishwa mwaka wa 1990, yakarudishwa polepole baadaye. UKIMWI ulitangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Ni vijana wangapi waliorudi nyumbani bila sindano kwa kukosa shilingi chache, hakuna aliyewahesabu.

Tangu hapo yamefanyika mema, nasi hatuna haja ya kuyakana. Mwaka wa 2004 malipo yalipunguzwa hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya, na mwaka wa 2013 yakaondolewa huko, pamoja na malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Lakini yeyote aliyepata kukaa kwenye benchi la zahanati ya kijijini anayajua maneno haya: dawa zimekwisha, kanunue dukani. Huduma ya bure isiyo na dawa ni bure kweli, kwa maana ile nyingine ya neno hilo. Tena mwaka wa 2024, bima mpya ya afya ya jamii ilipochukua nafasi ya ile ya NHIF, kanuni zake zilimtaka asiye na mshahara kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi. Mwenye mshahara alikatwa kidogo kidogo. Kijana wa kibarua, anayelipwa leo na kukosa kesho, ndiye aliyetakiwa atoe zote pamoja. Aliyeandika kanuni hiyo hakupata kuishi kwa kibarua.

Na wavulana je? Hawakuachwa salama. Aliyekosa karo ya sekondari hupanda bodaboda akiwa na miaka 17, bila leseni, bila kofia ya kinga, kwa pikipiki ya mtu mwingine anayedai fedha zake kila jioni; ndiyo sababu hukimbia. Wengine huishia katika machimbo ya mchanga au katika pombe haramu. Anayelemewa moyoni hata akajaribu kujiua alikuwa akihesabiwa kuwa mhalifu, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilikwenda kinyume cha Katiba. Mwana wa tajiri alipata mshauri nasaha. Mwana wa maskini alipata seli.

Hata sheria njema humwacha nyuma aliye chini zaidi. Sheria ya mwaka wa 2017 iliiagiza serikali kuwapa wasichana sodo bila malipo, lakini ni wale walioandikishwa shuleni. Aliyeacha shule, ambaye ndiye mwenye haja zaidi, hakutajwa. Nayo sera ya kumrudisha darasani msichana aliyejifungua ilikuwapo tangu mwaka wa 1994. Wakati huu wote baadhi ya shule, zikiwemo zinazodhaminiwa na makanisa yetu, zimekuwa zikitafuta visingizio vya kumfungia lango. Hilo halihitaji fedha za serikali wala kura ya Bunge. Kamati ya shule yenye mwakilishi wa kanisa yaweza kulimaliza katika kikao kimoja.

Kwa wanaharakati tuna neno jingine. Afya ya zahanati na hospitali za kaunti imo mikononi mwa serikali za kaunti, na sheria inataka kila kaunti ipeleke waraka wake wa mkakati wa fedha katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Wananchi wana haki ya kushiriki. Vikao hivyo vimezoeleka kujaa wazee na wanakandarasi. Wapelekeni vijana, na waulize kwa jina la zahanati: dawa zilinunuliwa lini, muuguzi yuko wapi, na kwa nini mlango hufungwa saa ambazo mwanafunzi ndipo anapotoka shuleni.

Tena kuna Hazina ya Usawazishaji, iliyowekwa na kifungu cha 204 cha Katiba: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, hadi yafikie hali ya sehemu nyingine za nchi. Fedha hizo zimecheleweshwa mwaka baada ya mwaka, kwa kesi na kwa mivutano ya ofisi. Nacho kifungu chenyewe kina kikomo cha miaka 20. Kitakoma Agosti 2030, isipokuwa Bunge na Seneti viongeze muda kwa kura za zaidi ya nusu. Siku hiyo mtoto wa Katiba atakuwa na miaka 20, na ujana wake utakuwa umekwisha kupita.

Kwa hiyo kila mgombea wa ubunge na useneta atakayefika kwenu kabla ya uchaguzi wa 2027, awe wa chama chochote, mwulizeni kama ataunga mkono kuongezwa kwa muda huo na kulipwa kwa malimbikizo yote. Mwulizeni mbele ya watu, na mtake jibu lake kwa maandishi.