Si kila homa inataka sindano

“Dokta, mbona hujamwandikia sindano?” Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na anayeuliza huwa ameshaanza kuniona sijui kazi.

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 4. Wiki 3 kabla, mtoto alipata homa, akapelekwa duka la dawa la mtaani, akachomwa sindano kwenye kalio la kulia. Usiku uleule mguu ukalegea. Sasa akitembea ananyanyua goti juu kama anayevuka dimbwi, vidole vinaburuza, ndala inamvuka. Bibi yake alishasema amerogwa.

Hakurogwa. Ndani ya kalio hupita mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini. Kwa mtu mzima unakaribia unene wa kidole. Unatoka kwenye uti wa mgongo chini ya kiuno, unashuka nyuma ya paja, na ndio unaopeleka amri za ubongo kwenye misuli inayoinua unyayo. Mtoto ana nyama kidogo kalioni, hivyo sindano huufikia upesi. Wala si ncha pekee inayodhuru. Dawa yenyewe ikiingia pale huuchoma mshipa.

Mshipa huo unaweza kuota tena, lakini kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kalioni hadi misuli ya chini ya goti, kwa mtoto kama huyu, ni safari ya karibu mwaka mzima. Ameanza mazoezi ya viungo na amevalishwa kifaa cha kuzuia unyayo usianguke. Sikumwahidi mama yake kwamba atapona kabisa.

Kinachoniudhi ni kwamba malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto ya kumeza. Sindano ni ya mtoto anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au kupoteza fahamu, na huyo mahali pake ni hospitali. Lawama si za wazazi peke yao. Wapo wenzangu wanaochoma kwa sababu mteja ametaka, na sindano inalipa.

Ikibidi mtoto wako achomwe, uliza watamchoma wapi. Kwa mdogo, pasalama ni pajani, mbele kwa upande wa nje, palepale anapochomwa chanjo. Na mguu ukilegea baada ya sindano, usimkande kwa maji ya moto ukingoja. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.